Mshauri Anatunza Siri, Benchi Linaitoa

Tathmini hii inahusu kituo cha ushauri nasaha kwa vijana kilichopo katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania, ambako nilimsindikiza mtoto wa dada yangu mara tano kati ya Februari na Juni. Sitakitaja jina, wala mtaa, wala rangi ya geti lake, na ninaomba msomaji asidhani kuwa ni woga. Mji wenyewe ni mdogo kiasi kwamba ukitaja kituo na umri wa kijana, shangazi zake wawili na mwalimu wake wa darasa watakuwa wamemaliza hesabu iliyobaki kabla ya adhana ya magharibi. Ingekuwa kichekesho niwalalamikie wanaovujisha siri za vijana, halafu mvujishaji mkubwa niwe mimi. Yeye ana miaka 17, huniita mama mdogo, na ameniruhusu kuandika kwa masharti nitakayoyaeleza mwishoni. Kilichotupeleka pale hakimo humu.

Hukumu yangu naitoa mapema: chumba cha ushauri cha kituo kile ni bora kuliko vyote nilivyowahi kuingia, na njia ya kukifikia chumba hicho ni mbaya.

Geti hufunguliwa saa mbili asubuhi. Ukiingia unakuta ubaraza wenye benchi moja refu la mbao linalotazama barabarani, na kushoto kuna dirisha la mapokezi lenye nondo, lililojengwa juu kidogo, hivyo aliye nje hulazimika kupaza sauti, na aliye ndani hujibu kwa sauti kubwa zaidi kwa sababu feni yake inakwaruza. Siku ya kwanza dada wa mapokezi alimwuliza kijana wangu, "Umekuja kwa shida gani?" Benchi zima likanyamaza kusubiri jibu. Alipokaa kimya alisukumiwa kauntabuku yenye jalada gumu, iliyopigwa mistari kwa rula, na juu ya kila safu pameandikwa kwa kalamu nyekundu: tarehe, jina kamili, umri, mtaa, namba ya simu, sababu ya kuja.

Juu ya mstari wake kulikuwa na majina kumi na mawili ya siku ile na ya siku iliyotangulia. Aliyasoma yote, kama ambavyo mtu yeyote angeyasoma, na kwenye jina la nne kidole chake kilisimama, kwa kuwa mwenye jina hilo huketi dawati la nyuma yake shuleni. Kwenye safu ya mwisho ya mwenzake huyo paliandikwa neno moja ambalo sitalirudia. Kijana wangu akaandika jina la babu yake, namba ya simu iliyopungua tarakimu moja, na sababu ya kuja: homa.

Sikumgombeza, maana mimi mwenyewe ningeandika homa. Lakini nilipogeuza karatasi mbili za nyuma, jambo ambalo hakuna aliyenizuia kulifanya, niliona homa nyingi mno kwa msimu ule, na tumbo nyingi, na kichwa nyingi. Daftari lile ndilo wanalolitumia kuandaa taarifa ya kila mwezi, na kwa taarifa hiyo watapangiwa watumishi na vifaa. Kwa maana hiyo kituo kinachoshughulika na hofu, mimba, ukatili wa nyumbani na bangi kinaripoti kwamba vijana wa mji wanasumbuliwa na homa. Kijana asiyehakikishiwa usiri hasusi huduma kwa maneno. Anaandika uongo kwa mwandiko mzuri na kuketi zamu yake.

Waliojenga nyumba za mawe za Lamu walilijua tatizo hili kabla ya sisi kuligundua. Kati ya barabara na kiwanda cha ndani, yaani ua wa nyumba, waliweka daka, ambalo ni ukumbi wa mlangoni, kisha tekani, ukumbi wa ndani unaofuata, na njia ya kuingilia ikapindishwa makusudi ili mpita njia, hata mlango ukiwa wazi, asione wala asionwe. Mgeni wa barazani alipokelewa kwa heshima zote bila ya kujua nani yuko ndani na anafanya nini. Kituo chetu kina mafundi, saruji na wafadhili, na bado kimewaweka wateja wake kwenye benchi linalotazamana na kijiwe cha bodaboda.

Chumba chenyewe kiko nyuma, karibu na tangi la maji. Nje ya mlango wake kuna kigoda, na juu ya kigoda kuna redio ndogo inayofunguliwa kila anapoingia mteja, kwa sauti ya wastani, ili maneno ya ndani yasifike koridoni. Mshauri, kijana wa miaka thelathini na kitu, alituamkua kwa adabu, "Shikamoo mama," kisha akamgeukia mwenzangu na kuanzia hapo akazungumza naye yeye, si mimi. Alinialika niketi kwa dakika kumi za mwanzo tu, ili nisikie masharti yanayotuhusu sote, baada ya hapo nitoke. Maneno yake nayakumbuka karibu yote kwa sababu sijawahi kusikia mtu mzima akimwambia kijana ukweli wa namna ile kabla hajamwomba amwamini.

"Mdogo wangu," alisema, "utakayoniambia hayatoki humu, isipokuwa mambo matatu. Ukiniambia unataka kujidhuru. Ukiniambia unataka kumdhuru mtu. Au nikijua kuna mtoto anafanyiwa ukatili, awe wewe au mwingine. Hapo siruhusiwi kunyamaza. Lakini hata hapo sitakuzunguka. Wewe ndiye utakuwa wa kwanza kujua naenda kwa nani na naenda kusema nini." Kisha akamwomba amrudishie kwa maneno yake mwenyewe alichoelewa. Kijana alitaja mawili, akasahau la tatu, na mshauri akalirudia bila ya haraka.

Nimewahi kuona vituo ambavyo vimebandika ukutani karatasi isemayo kila kitu hapa ni siri. Karatasi hiyo ni ya uongo, na vijana wanajua. Siku mshauri anapolazimika kumpigia ofisa ustawi wa jamii, yule aliyeahidiwa kila kitu anajiona amesalitiwa, hata kama hatua yenyewe imeokoa maisha yake. Aliyetajiwa mipaka tangu mwanzo anaweza kukasirika, lakini hawezi kusema alidanganywa.

Swali lililofuata lilinishangaza kwa udogo wake. "Simu hii ni yako peke yako?" Haikuwa yake peke yake, kwani mdogo wake huichezea gemu kila jioni na mimi huiazima vocha yangu inapoisha. "Basi nikipiga akapokea mwingine, niseme mimi ni nani?" Kijana alifikiri, akacheka kwa mara ya kwanza siku ile, akasema, "Sema wewe fundi simu." Tangu hapo ujumbe wa kumkumbusha ulikuja hivi: Kioo chako kipo tayari Alhamisi saa tisa. Mimi mwenyewe nilipousoma mara ya kwanza nilianza kuuliza kioo kimevunjika lini. Mbinu hiyo wamekwisha kuibadilisha, ndiyo maana naweza kuiandika.

Lugha yetu ina faragha na ina siri, na watu hutumia neno moja wakikusudia jingine. Faragha ni kutoonekana na kutosikika wakati unapozungumza. Siri ni kile ulichozungumza kubaki pale kilipowekwa. Kituo hiki kina mtu anayejua siri vizuri sana, na kina jengo lisilojua faragha hata kidogo. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata, nasi tumempata kata mwaminifu. Tatizo ni kwamba mtungi umewekwa njiani.

Nifike kwenye sehemu isiyonipendezea. Nilikaa nje dakika arobaini na tano nikisikiliza redio. Walipomaliza, kijana alikwenda bombani kunawa uso, nami nikapata upenyo wa kuingia na kufunga mlango. Nilimwambia mshauri kwamba mimi ndiye ninayelipa ada ya shule, mimi ndiye ninayekesha, na dada yangu aliyeko mbali ananidai maelezo, kwa hiyo nina haki ya kujua. Hakubisha. "Haki unayo, mama," alisema. "Lakini nikikwambia leo, Alhamisi haji, na wewe utabaki na habari ya leo tu." Kisha akanipa kile alichoweza kunipa, yaani kwamba kijana amezungumza, kwamba kwa usiku ule hapakuwa na jambo la kunikosesha usingizi, na kwamba atamwuliza ni yapi angependa niyajue na nani ayaseme. Nilitoka nikiwa nimekasirika. Ziara ya pili, tukiwa kwenye kituo cha daladala, kijana alinieleza theluthi moja ya jambo lenyewe bila ya kuulizwa, na theluthi hiyo ilinitosha kujua namna ya kumsaidia nyumbani.

Usiku ule wa hasira nilitafuta sheria, nikitumaini kupata kifungu cha kumpiga nacho yule mshauri. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na hapo nilifurahi. Lakini sheria hiyo hiyo inamtaka yeyote katika jamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali ya mtaa, na nikaelewa lile jambo la tatu limetoka wapi. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia 1991, unampa mtoto mwenyewe haki ya kulindwa dhidi ya kuingiliwa faragha yake kiholela, na hausemi haki hiyo inaanza siku anapofikisha miaka 18. Marekebisho ya sheria ya UKIMWI ya 2019 yalishusha umri wa kuridhia kupima Virusi vya UKIMWI bila ya kibali cha mzazi kutoka miaka 18 hadi 15. Kifungu nilichokitaka sikukipata.

Nilichokipata kilikuwa cha kulipigia lile dirisha la mapokezi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka anayekusanya taarifa za mtu akusanye zile tu zinazohitajika kwa lengo alilolitaja, azitunze zisifikiwe na wasiohusika, na inaziweka taarifa za afya na za watoto katika kundi nyeti linalodai uangalizi zaidi. Sheria hiyo haizungumzii kompyuta peke yake. Kauntabuku iliyoachwa wazi dirishani, yenye jina, mtaa na shida ya mtoto wa miaka 14, ni taarifa binafsi iliyoanikwa. Wapo wasimamizi wa vituo wanaodhani ulinzi wa taarifa ni jambo la mabenki na kampuni za simu, na kwamba wao wamesalimika kwa kuwa wanaandika kwa kalamu.

Kosa la pili kwa uzito ni karatasi ya rufaa. Ziara ya tatu kijana alihitaji kuonwa hospitalini, na mapokezi wakanikabidhi mimi karatasi iliyokunjwa mara mbili, yenye muhuri, bila ya bahasha. Niliitia mkobani. Kwenye daladala niliitoa, nikaifungua kidogo, nikasoma nusu ya mstari wa kwanza, nikaikunja. Jioni nilimweleza kijana nilichokifanya, naye akanyamaza muda mrefu kisha akauliza, "Nusu ipi?" Nilimwambia. Sijitetei, lakini nasema pia kwamba bahasha ya khaki ingemwepusha yeye na mimi, na kwamba anayempa mlezi mwenye wasiwasi karatasi iliyo wazi anajua vizuri atakachofanya.

Waelimishaji rika wa kituo hicho nimewapenda, kwa sababu ni vijana wanaozungumza na vijana bila ya kuhubiri. Ila nao wanaishi mitaa ile ile. Mmoja wao, kwa nia njema kabisa, alimwona kijana wangu uwanjani akiwa na wenzake wa timu na kumpigia kelele, "Vipi, Alhamisi tupo?" Wenzake wakauliza Alhamisi kuna nini. Tulipolieleza, mshauri aliwakusanya waelimishaji wake na kuwakumbusha kanuni ambayo inaonekana ilikuwapo tangu mwanzo: ukikutana na mteja njiani, yeye ndiye aanze kukusalimu, na asipokusalimu humjui. Kwa watu wa pwani kanuni hiyo ni ngumu, maana kumpita mtu bila ya salamu ni utovu wa adabu, na mwelimishaji mmoja alilalamika kwamba ataonekana ana majivuno. Mshauri alimjibu avumilie kuonekana hivyo.

Picha ziliwahi kuniharibia siku. Kituo kiliandaa bonanza la michezo, na kesho yake ukurasa wao mtandaoni ulijaa nyuso za vijana chini ya bango lenye maneno yanayoeleza bayana kituo kinashughulika na nini. Niliwapigia simu, na kabla ya saa sita mchana picha zikaondolewa, jambo ninalowasifu. Waliniambia walikuwa na ridhaa, na ni kweli palikuwa na karatasi yenye sahihi, lakini sahihi hizo zilichukuliwa wakati wa kugawa jezi, na kijana anayesubiri jezi atatia sahihi hata hati ya kuuza nyumba ya baba yake.

Sanduku la maoni lipo. Limepigiliwa ukutani chini ya lile dirisha, na ufunguo anao dada wa mapokezi. Nililipita, nikaandika barua kwa msimamizi wa kituo, nikaipeleka kwa mkono. Ni haki niseme kwamba barua haikutupwa. Tulipokwenda mara ya nne, benchi lilikuwa limegeuzwa likaipa mgongo barabara, na pazia la kanga mbili zilizoshonwa pamoja lilitundikwa kati ya ubaraza na koridoni. Kauntabuku imeondoka dirishani. Sasa unapewa kadi ndogo yenye namba, unaitwa kwa namba, na maelezo yako unayatoa ndani kwa mshauri, ambaye hufungia majalada kwenye kabati la chuma. Swali la shida gani limekoma, kwa siku anazokuwapo yule dada. Akiwa likizo, anayekaa nafasi yake huuliza kama zamani, na feni bado inakwaruza.

Huduma ni bure. Kusubiri kulituchukua kati ya nusu saa na saa moja na nusu, na ukitaka watu wachache uende mchana baada ya saa nane. Kwa msichana anayetaka kuzungumza na mshauri mwanamke, kuna mmoja tu na hayupo kila siku, jambo ambalo kituo kingelieleza mapema kwa simu badala ya kuwaacha wasichana wafike, waonekane, kisha warudi. Kwa kijana ambaye hata kuonekana getini ni hatari kwake, ningemshauri aanze na namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo ni bure, maana pale hakuna benchi wala jirani. Anayekaa chumba kimoja na watu watano, hata hivyo, hana mahali pa kupigia simu hiyo, na kwake kile chumba cha karibu na tangi kina thamani kubwa.

Mzazi au mlezi atakayempeleka kijana katika kituo cha namna hii, popote kilipo, anaweza kukipima kabla ya kuketi. Asikilize swali la kwanza linaloulizwa dirishani, atazame kama majina ya wengine yanasomeka, kisha aulize mambo gani mshauri hataweza kuyanyamazia. Wakimjibu kwamba hakuna, atafute kituo kingine. Wakimjibu kwa kumtajia mawili matatu bila ya kubabaika, avumilie benchi.

Sharti la kijana lilikuwa asome kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote, na awe na kalamu. Alisoma akiwa amesimama mlangoni. Alibadilisha siku ya juma katika sehemu moja, akabadilisha uhusiano wa jamaa mmoja katika sehemu nyingine, na akafuta sentensi mbili kwa wino mzito hadi karatasi ikapasuka. Sikumwuliza sababu.